Mpimaji mmoja, saiti tatu: namna ya kugawana watu na mashine kati ya miradi

Ratiba tatu zinaweza kuwa sahihi kila moja kivyake, na zikiwekwa pamoja zikawa hazitekelezeki hata kidogo. Tatizo hili limejificha katika kampuni nyingi za ujenzi, ofisi za wahandisi washauri na hata timu zinazotengeneza mifumo ya kompyuta. Kila meneja wa mradi ameketi, amepanga kazi zake kwa uangalifu, amempa kila mtu siku zake, na programu haijamwonyesha alama yoyote nyekundu. Kumbe mpimaji aliyemwandika ndiye huyo huyo aliyeandikwa na wenzake wawili, wiki ile ile.

Tuchukue mfano wa mkandarasi wa wastani wa Dar es Salaam mwenye kazi tatu kwa wakati mmoja: jengo la ghorofa Mikocheni, ghala Kibaha na madarasa Bagamoyo. Ana mpimaji mmoja. Ratiba ya Mikocheni inamtaka Jumatatu hadi Jumatano aweke alama za nguzo za ghorofa ya nne. Ratiba ya Kibaha inamtaka siku hizo hizo tatu aweke mistari ya msingi. Bagamoyo inamtaka nusu siku Alhamisi na nusu siku Ijumaa. Ukifungua faili la Mikocheni peke yake, utaona mpimaji ana kazi siku tatu na yuko huru siku mbili. Ukifungua la Kibaha, picha ni ile ile. Hakuna faili hata moja linalosema kwamba Jumatatu asubuhi mtu huyu anatakiwa sehemu mbili zilizotenganishwa na foleni nzima ya Barabara ya Morogoro.

Mbinu za kupanga miradi tunazozitumia hadi leo zilizaliwa bila swali hili. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand walibuni mbinu ya njia kuu, ile inayotafuta mnyororo wa kazi ambao ukichelewa hata siku moja mradi wote unachelewa. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaja na mbinu yake ya PERT kwa ajili ya makombora ya Polaris. Zote mbili ziliuliza kazi gani itangulie ipi, na kila moja itachukua muda gani. Katika hesabu zake za mwanzo, mtu na mashine vilichukuliwa kuwa vipo tu, wakati wowote vitakapohitajika. Suala la watu wachache wanaogombewa lilikuja kuongezwa baadaye, na hata leo katika programu nyingi linaonekana kama kiraka: usipoliwasha mwenyewe, halifanyi kazi.

Faili la pamoja

Katika Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba za miradi, toleo la kompyuta, dawa ni faili moja la ziada. Unatengeneza faili lisilo na kazi yoyote ndani yake, lenye orodha tu ya watu, mashine na vifaa: mpimaji, eskaveta, pampu ya zege, mafundi nondo, kila mmoja na kalenda yake, gharama yake ya saa na kiwango cha juu anachoweza kupangiwa. Kisha unafungua ratiba ya kila mradi, unakwenda kwenye sehemu ya rasilimali, unachagua amri ya kushirikisha rasilimali, na kuiambia ratiba hiyo kwamba kuanzia sasa watu wake wanatoka kwenye faili lile. Tangu hapo, meneja wa Kibaha akimpangia mpimaji kazi, saa hizo zinaandikwa kwenye faili la pamoja, na meneja wa Mikocheni ataziona.

Programu itakuuliza swali moja ambalo wengi hulibonyeza tu bila kulisoma: taarifa zikigongana, ifuate za nani, za faili la pamoja au za mradi? Tuseme kwenye faili la pamoja mpimaji ameandikiwa likizo wiki ya pili ya Agosti, na kwenye faili la Kibaha hakuandikiwa. Ukichagua mradi uwe na nguvu, Kibaha inaweza kuifuta likizo ya mtu bila yeyote kukusudia. Jibu langu hapa halina masharti: faili la pamoja ndilo lenye kauli ya mwisho, kila mara. Mradi mmoja hauna haki ya kubadilisha kalenda ya mtu anayetumikia miradi mitatu.

Jambo la pili la kuangalia ni majina. Programu humtambua mtu kwa jina lilivyoandikwa. Kibaha wakiandika "Mpimaji", Mikocheni "Mpimaji 1" na Bagamoyo jina lake halisi, faili la pamoja litakuwa na wapimaji watatu, kila mmoja na nafasi yake kamili, na mgongano utabaki umefichwa kama awali. Tofauti sasa ni kwamba kila mtu anaamini umeshatatuliwa, na hiyo ni hali mbaya kuliko kutokuwa na mfumo kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote, kaeni mkubaliane jinsi ya kuandika majina. Kazi ya saa moja, lakini bila hiyo yanayofuata yote ni bure.

Kuna pia suala la nani anafungua faili hilo na kwa namna gani. Ukilifungua, utapewa njia tatu: kulisoma tu, ambapo wenzako wanaendelea na kazi zao; kulifungua kwa kuandika, ambapo unaweza kubadilisha kalenda na gharama lakini wengine hawawezi kupeleka mabadiliko yao hadi ulifunge; au kulifungua pamoja na miradi yote iliyounganishwa, ikakusanywa kwenye mradi mkuu mmoja. Njia ya pili ndiyo inayoleta ugomvi ofisini. Mtu analifungua asubuhi kubadilisha kitu kimoja, anatoka kwenda saiti, kompyuta iko wazi mezani, na siku nzima hakuna mwenzake anayeweza kusasisha ratiba yake. Awepo mtu mmoja mwenye jukumu la faili hilo, wengine wote walifungue kwa kusoma.

Primavera P6, programu nyingine ya kupanga miradi, ambayo kampuni ya Oracle iliinunua pamoja na kampuni iliyoitengeneza mwaka 2008, haina mzunguko huu. Watu na mashine wote wanakaa kwenye hifadhidata moja ya kampuni tangu siku ya kwanza, na miradi inawachota humo. Kwa mkandarasi mkubwa mwenye saiti nyingi huo ni mpangilio bora, ila una gharama yake na unataka mtu anayeujua. Kwa miradi mitatu au minne, faili la pamoja linatosha.

Nyekundu ina maana gani

Ukishaunganisha, jina la mpimaji litageuka jekundu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kurekebisha papo hapo. Ngoja kwanza.

Hesabu iliyo nyuma ya rangi hiyo ni nyepesi: saa za kazi ni muda mara kiwango. Kazi ya saa 40 ikifanywa na mtu aliyewekwa asilimia 100 inachukua siku tano za saa nane. Akiwekwa asilimia 50 inachukua siku kumi. Viwango vya kazi zote vinavyoangukia wakati mmoja vikijumlishwa na kupita kiwango cha juu cha mtu huyo, anahesabiwa kuwa ameelemewa. Ila programu hujumlisha kwa dakika. Ukimpangia mpimaji vikao viwili vya saa moja moja, vyote vikianza saa 2 asubuhi, ataonekana yuko asilimia 200 na jina litakuwa jekundu, ingawa siku hiyo nzima ana saa mbili tu za kazi kati ya nane. Huo si mgogoro. Atahudhuria kimoja, kisha kingine.

Kwa hiyo angalia wiki badala ya rangi. Fungua mwonekano unaoonyesha matumizi ya kila mtu, weka kipimo cha wiki, soma saa. Mpimaji wetu wiki ile ana saa 24 za Mikocheni, 24 za Kibaha na 8 za Bagamoyo: jumla 56, kwa mtu ambaye kalenda ya kawaida ya programu inampa saa 40. Hapo hakuna namna ya kupangua saa zikatosha. Mmoja kati ya mameneja watatu atasubiri, na ni bora ajulikane Ijumaa iliyotangulia kuliko Jumatatu asubuhi kwa simu za makelele.

Kalenda yenyewe inahitaji kutazamwa. Programu inakuja na wiki ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 hadi saa 6, kisha saa 7 hadi saa 11 jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, ndani ya siku sita. Na saiti nyingi zinafanya kazi Jumamosi hadi mchana. Ukiacha kalenda ilivyo, unajinyima saa tano kila wiki na kila tarehe inayotoka ni ya uongo. Ukiibadilisha, badilisha pia mahali pengine pasipoonekana kwa haraka, pale kwenye mipangilio panaposema siku moja ni saa ngapi. Ukiweka kalenda ya saa tisa huku mpangilio ule umebaki nane, kazi utakayoiandika siku 5 itahesabiwa saa 40, na itakwisha siku ya tano kabla ya mchana, na hutajua kwa nini. Sikukuu za Idd nazo zinategemea mwandamo wa mwezi. Weka siku zinazotarajiwa kwenye faili la pamoja, na mwezi ukiandama urekebishe hapo hapo mara moja kwa miradi yote. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuwa na faili hilo.

Kusawazisha, na kwa nini mashine haiwezi kukuamulia

Sasa tunafika pagumu. Programu zote hizi zina kitufe cha kusawazisha. Ukikibonyeza, inapitia kazi zinazogongana na kuzisogeza mbele, au kuzikata vipande, hadi pasiwe na mtu aliyeelemewa. Kinavutia sana, na ndicho kinachowafanya watu wachukie mfumo mzima, kwa sababu wanakibonyeza na kukuta mradi uliotakiwa kwisha Novemba sasa unakwisha Februari.

Kwanza, ujue kinachofanyika. Kusawazisha hakubadilishi mtu. Programu haitasema "mchukue mpimaji wa kukodi kwa siku tatu", wala "fundi yule mwingine anaweza kazi hii". Inajua kuchelewesha tu. Pili, haitafuti jibu bora kuliko yote, na haiwezi. Kazi tatu zinazomgombea mtu mmoja zina mipangilio 6 inayowezekana. Kazi 10 zina mipangilio 3,628,800. Kazi 20 zina zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja. Mwaka 1983 watafiti Blazewicz, Lenstra na Rinnooy Kan walionyesha kwamba tatizo hili la kupanga kazi kwa rasilimali chache ni miongoni mwa yale magumu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kikamilifu. Basi programu hutumia kanuni za mkato: ipi ina akiba ndogo ya muda (yaani siku inazoweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi), ipi inaanza mapema, ipi imepewa kipaumbele. Inakupa jibu moja linalowezekana, na huenda lipo bora kuliko hilo.

Tatu, na hili ndilo zito, programu haijui gharama ambazo hukuiambia. Rudi kwa mpimaji. Mikocheni haina akiba yoyote ya muda. Nguzo zikichelewa siku tatu, jengo linachelewa siku tatu. Kibaha ina akiba ya siku nne. Kwa hesabu ya programu, Kibaha isubiri siku tatu na hakuna kilichoharibika: tarehe ya mwisho haiguswi. Ila pale Kibaha eskaveta ni ya kukodi, inalipiwa kwa siku, na imesimama kando ya kiwanja ikingoja mistari ya msingi. Dereva wake yupo. Malori ya kubeba udongo yameshaahidiwa. Siku tatu ambazo kwenye skrini ni bure, saiti ni hela inayotoka. Huenda bado ni sahihi Kibaha isubiri, kwa maana faini ya kuchelewesha Mikocheni ni kubwa zaidi. Huenda siyo: labda mpimaji aanze Kibaha Jumamosi mchana na Jumapili kwa malipo ya ziada, Jumatatu awe Mikocheni. Uamuzi huo ni wa mtu anayeona mikataba yote miwili, na hakuna kitufe kinachoweza kuubeba.

Ndiyo maana namba za kipaumbele zina uzito kuliko zinavyodhaniwa. Katika Microsoft Project kila mradi una namba kati ya 0 na 1000, na ukiacha bila kugusa ni 500. Mradi wenye namba kubwa ndio unaolindwa. Wenye ndogo ndio unaosogezwa. Namba 1000 ina maana ya pekee: usiguse kabisa. Mkiwaachia mameneja wajiwekee wenyewe, kila mmoja atajipa 1000, na kitufe cha kusawazisha hakitasogeza kitu. Primavera ni kinyume: 1 ndiyo ya juu na 100 ya chini, kwa hiyo anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine anaweza kulinda mradi asiotaka. Tena katika Microsoft Project angalia mpangilio wa kusawazisha. Ule unaokuja na programu unatazama kwanza utegemezi wa kazi, akiba ya muda na tarehe, ndipo unafika kwenye kipaumbele. Kama mmeketi na mkurugenzi mkakubaliana Mikocheni mbele, Bagamoyo pili, Kibaha tatu, chagua mpangilio unaoanza na kipaumbele, la sivyo makubaliano yenu yatasomwa mwishoni.

Namba hizo zipangwe na nani? Siyo mameneja wa miradi. Kila mmoja wao analipwa kulinda mradi wake, na ni haki yake kuulinda. Zipangwe na mwenye kampuni au mkuu wa shughuli, ziandikwe, na zibadilishwe kwa sababu inayotajwa. Nina imani kubwa na hili: kampuni isiyoweza kusema mradi upi uko mbele ya upi haina tatizo la programu, na programu yoyote itakayonunuliwa itaonyesha tu fujo ile ile kwa rangi nzuri zaidi.

Ukishasawazisha, usiamini tena njia kuu unayoonyeshwa. Kazi ya Kibaha sasa inasubiri kazi ya Mikocheni kwa sababu ya mpimaji, lakini kwenye ratiba hakuna mshale kati yao wa kuonyesha kwamba moja inaisubiri nyingine. Programu itaendelea kukuambia kwamba kazi ile ya Mikocheni inaihusu Mikocheni tu. Ikichelewa siku mbili, Kibaha nayo itachelewa, na hakuna atakayeonywa mpaka usawazishaji ufanywe upya. Kwa watu au mashine zinazogombewa sana, mimi napendelea kuweka mshale wenyewe kwa mkono ndani ya mradi mkuu, kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ni kazi zaidi, lakini ratiba inasema ukweli.

Usimjaze mtu hadi juu

Kuna kishawishi cha kuona mpimaji ana saa 36 kati ya 40 na kumtafutia nne zilizobaki. Katika mfano rahisi kabisa wa nadharia ya foleni, yaani hesabu za muda wa kusubiri huduma, mtu aliyejazwa asilimia 80 humfanya anayemhitaji asubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kazi moja. Akijazwa asilimia 90 ni mara 9. Asilimia 95, mara 19. Saiti haifanani kabisa na mfano huo, kwa kuwa kazi zinapangwa na hazifiki kiholela, lakini mwelekeo ni huo huo: mvua ya masika ikisogeza kazi moja, aliyejaa hana pa kuiweka. Kwa mtu anayetegemewa na miradi mitatu, weka kiwango chake cha juu kwenye faili la pamoja kiwe asilimia 80 na uliache hivyo.

Vile vile jihadhari na kumkatakata. Mtu mwenye kazi tatu za wiki mbili mbili, akizifanya moja baada ya nyingine, anakabidhi mwisho wa wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Akizigawa wiki moja moja kwa zamu ili kila meneja aone "kazi imeanza", anakabidhi wiki ya 4, ya 5 na ya 6. Hakuna aliyepata mapema zaidi, wawili wamechelewa, na hapo hatujahesabu muda wa kufunga na kufungua vifaa. Mameneja wote watatu wanaridhika wiki ya tatu, na wawili wanalalamika wiki ya nne.

Wala usiingize kila mtu kwenye faili. Vibarua wanaopatikana siku yoyote hawahitaji kuwemo, wala toroli. Anza na vitu ambavyo kimoja kikikosekana saiti inasimama: mpimaji, pampu ya zege, injinia anayesaini. Vikiwa vitano au sita vinatosha, na watu watavisasisha kweli. Orodha ya watu mia moja hufa mwezi wa pili.

Baada ya hapo ni utaratibu wa wiki. Mameneja wapeleke maendeleo yao Alhamisi, mwenye faili afungue mradi mkuu Ijumaa asubuhi, asome saa za wiki tatu zijazo kwa wale watano au sita, na penye mgongano wakutane kabla ya mchana. Mradi ukikabidhiwa, ufungwe: kazi zote ziwekwe zimekamilika, kisha faili lake litenganishwe na faili la pamoja. Ukisahau, kazi ndogo ya asilimia 10 iliyoachwa wazi Bagamoyo itaendelea kula saa za mpimaji, na Kibaha itasogezwa kwa ajili ya madarasa ambayo wanafunzi wameshaanza kusomea.